Mtihani Usiwe Kipimo cha Imani

Katika mtaa wa Ntinda, jijini Kampala, ipo barabara iitwayo Njia ya Mashahidi. Kando ya barabara hiyo ndipo zilipo ofisi za Baraza la Taifa la Mitihani, lililoundwa kwa sheria mwaka 1983, ambalo karatasi zake ndizo zinazoamua ni mtoto yupi wa mkulima atakayeendelea na masomo na ni yupi atakayerudi nyumbani. Kutoka hapo mwendo si mrefu kufika kilima cha Kyambogo, penye chuo kikuu cha umma ambacho wanafunzi wake wengi wamepanga vyumba Ntinda, Banda na Kireka. Asubuhi wanafunzi hao huteremka na kupanda na vitabu vyao mkononi, na wengi wao, pamoja na vitabu hivyo, wana Biblia, Kurani au tasbihi. Mitihani na imani ni majirani katika mtaa huu. Ujirani huo ndio tunaotaka kuuzungumzia leo.

Hatukusudii kusema dini ipi ni ya kweli, wala siku ipi Mwenyezi Mungu aliitakasa. Hayo tunawaachia wanazuoni na wachungaji. Tunalotaka kulisema ni jambo moja la kiserikali na la kibinadamu, nalo ni hili: chuo kikuu kilichojengwa kwa kodi ya wananchi wote hakina budi kupanga ratiba yake kwa namna ambayo haimlazimishi kijana kuchagua kati ya shahada yake na dhamiri yake, maadamu njia ya kuliepuka jambo hilo ipo na gharama yake ni ndogo.

Tuchukue mfano. Binti mmoja wa madhehebu ya Waadventista Wasabato amepata nafasi katika chuo cha umma. Baba yake amelipa ada kwa kuuza kahawa, na mama yake kwa kuuza ndizi. Binti huyo amesoma muhula mzima kwa bidii, hajakosa kipindi, hana deni la ada. Juma mbili kabla ya mitihani ratiba inabandikwa ukutani, naye anakuta kwamba somo lake kubwa litafanyiwa mtihani Jumamosi saa tatu asubuhi. Kwa imani yake, tangu jua linapotua siku ya Ijumaa hadi linapotua siku ya Jumamosi ni Sabato, na kazi ya namna hiyo hairuhusiwi. Akienda mtihanini, atakuwa amevunja agizo alilofundishwa tangu utotoni. Asipokwenda, atangoje hadi somo hilo litakapotahiniwa tena, na pengine kungoja huko kutamgharimu mwaka mzima wa kodi ya chumba, chakula na nauli. Wenzake watavaa majoho bila yeye. Baba yake, ambaye hakuwahi kuona ratiba ya chuo maishani mwake, atauliza binti yake amefanya kosa gani.

Jibu ni kwamba hakufanya kosa lolote. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo.

Wapo wanaosema kwamba watu wa namna hii ni wachache mno, na kwamba chuo hakiwezi kugeuza gurudumu lake kwa ajili ya wachache. Na tuzitazame hesabu. Katika sensa ya mwaka 2014 Wakatoliki walikuwa asilimia 39.3 ya wananchi wa Uganda, Waanglikana asilimia 32, Waislamu asilimia 13.7, Wapentekoste asilimia 11.1, na Wasabato asilimia 1.7. Asilimia hiyo ya mwisho yaonekana ndogo katika karatasi, lakini katika nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 34 wakati huo, ni watu zaidi ya nusu milioni. Hao ni wakulima, waalimu, waganga na askari, nao hulipa kodi kama walipavyo wengine. Shilingi ya Msabato haikataliwi na mtoza kodi kwa sababu imepatikana siku fulani.

Tena twapaswa kukumbuka kwamba kalenda yenyewe tunayoitumia haikushuka kutoka mbinguni ikiwa haina upande. Jumapili ni siku ya mapumziko katika nchi yetu. Noeli, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za taifa. Idi zote mbili ni sikukuu za taifa. Juni 3 ni siku ya Mashahidi, na Februari 16 ni siku ya kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum. Ni vema iwe hivyo. Lakini maana yake ni kwamba Mkristo anayesali Jumapili kwa kawaida huipata siku yake bila kuomba kibali kwa mtu yeyote. Yeye haitwi mkaidi wala msumbufu, kwa kuwa kalenda ilikwisha kumwombea ruhusa tangu hajazaliwa. Mwenzake wa Jumamosi hana kalenda ya kumwombea. Yambidi asimame mwenyewe mbele ya meza ya mkuu wa idara, aeleze, aonekane mtu wa ajabu. Kwa hiyo isisemwe kwamba Msabato anataka upendeleo. Anataka sehemu ya kile ambacho wenziwe wamekuwa nacho siku zote bila kukitaja.

Jambo hili si geni mbele ya sheria. Wanafunzi watatu Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere, chuo kikongwe kuliko vyote katika Uganda, walilipeleka katika Mahakama ya Katiba. Walilalamika kwamba kanuni ya chuo iliyoruhusu masomo, majaribio na mitihani kufanywa siku yoyote ya juma, ikiwamo Jumamosi, iliwanyima uhuru waliopewa na Katiba ya mwaka 1995. Katiba hiyo katika ibara ya 7 inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na katika ibara ya 29 inampa kila mtu uhuru wa kufuata dini yake na kuidhihirisha kwa matendo. Lakini ibara ya 43 inaweka mpaka, kwamba haki ya mmoja isitumiwe kuharibu haki za wengine au maslahi ya umma. Mwaka 2003 Mahakama ya Katiba iliwakatalia wanafunzi hao. Walikata rufani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu kupita zote, yaani Mahakama ya Juu, nayo ikaikataa rufani yao. Uamuzi huo ulihusu Makerere, lakini kivuli chake kinavifikia vyuo vyote vya umma, Kyambogo kikiwamo.

Sisi twauheshimu uamuzi wa mahakama, na hatuna nia ya kuufungua upya katika safu hii. Hata hivyo twaomba usomwe kwa usahihi. Mahakama ilisema kwamba chuo hakikuvunja Katiba kwa kuwa na kanuni ile. Haikusema kwamba chuo kimekatazwa kuwa na kanuni iliyo bora zaidi. Sheria hutuonyesha mpaka ambao tukiuvuka tumekosa. Haitukatazi kutenda wema ndani ya mpaka huo. Mzazi halazimiki kwa sheria kumngojea mtoto wake aliyechelewa ndipo familia ianze kula, na bado wazazi wengi hungoja. Mkuu wa chuo anayesema, "Mahakama imekwisha amua, basi," atakuwa amelifanya neno la mwisho la majaji kuwa neno la mwisho la hekima, na majaji wenyewe hawakudai hivyo.

Majirani zetu wa Kenya wamepita njia hiyo hiyo wakafika mahali pengine. Huko shauri lilihusu wanafunzi Wasabato wa shule za sekondari waliotakiwa kuhudhuria masomo siku ya Jumamosi. Mahakama Kuu iliwakatalia, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, ikaona kwamba shule zina wajibu wa kutafuta njia ya kuwapa nafasi wanafunzi hao bila kuvuruga masomo ya wengine. Uamuzi wa Nairobi hauwafungi wakuu wa vyuo wa Kampala. Lakini waonyesha kwamba jambo linalosemwa haliwezekani upande huu wa Mto Malaba limeonekana kuwa lawezekana upande wa pili, kwa watu wenye shule zilizojaa na bajeti finyu kama zetu.

Kuna sababu nyingine inayotufanya tulione jambo hili kuwa kubwa kuliko ratiba. Ukitoka Ntinda na kuendelea kuelekea mashariki utafika Namugongo, ambako Juni 3, 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana walichomwa moto pamoja. Kabla yao, katika miaka ya 1870, wakati wa Kabaka Muteesa wa Kwanza, vijana wa Kiislamu walikuwa wameuawa kwa sababu ya msimamo wa dini yao. Wengi wa waliokufa walikuwa watumishi wa jumba la kifalme, vijana wa umri ule ule wa wanafunzi wetu wa leo. Na si zamani sana, mwaka 1977, mwaka ule ule aliouawa Askofu Mkuu Luwum, serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku madhehebu zaidi ya ishirini, Wasabato na Wabahai wakiwa miongoni mwao. Wapo wazee wanaokumbuka jinsi walivyosali kwa siri hadi utawala huo ulipoanguka mwaka 1979.

Hatulinganishi ratiba ya mtihani na moto wa Namugongo. Kulinganisha hivyo kungekuwa kuwakosea heshima waliokufa. Tunachosema ni kwamba nchi iliyopita katika mambo hayo, na ambayo kila mwaka hupokea mamia ya maelfu ya mahujaji wanaokuja kuwasifu vijana waliokataa kwenda kinyume cha dhamiri, haipasi kumwona kijana wa leo mwenye dhamiri kuwa ni kero ya ofisini. Hatuwezi kumsifu shahidi mwezi wa Juni kisha mwezi wa Desemba tukamfelisha mjukuu wake kwa kuwa ameshika alichofundishwa.

Sasa na tuzijibu hoja za upande wa pili, maana zipo na hazikosi uzito. Hoja ya kwanza ni kwamba vyuo vimefurika. Ni kweli. Tangu miaka ya 1990, vyuo vya umma vilipoanza kupokea wanafunzi wengi wanaojilipia, na madarasa ya jioni na ya mwisho wa juma yakaongezeka, kumbi zimekuwa haba na siku za juma hazitoshi. Chuo Kikuu cha Kyambogo chenyewe kilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganishwa vyuo vitatu, cha ufundi, cha ualimu na cha elimu ya watu wenye ulemavu, na kazi ya kupanga watu wote hao katika ratiba moja si kazi ya mchezo. Hatudai kwamba Jumamosi ifutwe. Wengine, hasa wafanyakazi wanaosoma huku wakiwa kazini, hawana siku nyingine.

Hoja ya pili ni kwamba mtahiniwa akifanya mtihani baada ya wenzake, maswali yatakuwa yamekwisha kumfikia. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake yajulikana. Watahiniwa wachache hao waweza kukusanywa katika chumba kimoja kabla mtihani haujaanza, wakakaa humo chini ya msimamizi, bila simu na bila kuonana na mtu, hadi jua litue. Wataimba na kusali wakipenda. Jua likisha kutua wapewe karatasi ile ile waliyopewa wenzao asubuhi. Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, jua halina hila. Mwaka mzima hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni hivi. Na kwa kuwa vyuo vyetu vina madarasa ya jioni, taa zimekwisha kuwapo, walinzi wapo, na kumbi zimezoea watu wa saa hizo. Kinachoongezeka ni malipo ya msimamizi mmoja au wawili kwa siku moja. Je, gharama hiyo ni kubwa kuliko mwaka mmoja wa maisha ya kijana?

Hoja ya tatu ni kwamba ukimpa huyu leo, kesho atakuja mwingine na kudai Jumatatu, na keshokutwa mwingine atadai Jumatano. Twajibu kwamba siku za ibada za jumuiya zetu si siri wala hazibuniwi usiku wa kuamkia mtihani. Mwanafunzi ajiandikishe mwanzoni mwa muhula, kabla ratiba haijatengenezwa, na barua ya kiongozi wa dini yake iambatanishwe. Atakayekuja dakika ya mwisho asilaumu mtu. Utaratibu wa namna hii utawatenga wenye imani na wenye hila bila mkuu wa idara kulazimika kupima mioyo ya watu, kazi ambayo hakusomea.

Yapo pia mambo madogo ambayo yangeweza kutendwa hata bila kikao cha seneti. Waislamu wana sala ya Ijumaa, ambayo huanza kama saa saba mchana na huchukua muda usiozidi saa moja pamoja na hotuba. Ratiba inayoacha nafasi hiyo wazi itakuwa imempa pia mhadhiri nafasi ya kula chakula chake cha mchana. Katika mwezi wa Ramadhani, mwanafunzi anayefunga asilazimishwe kufanya jaribio wakati hasa wa kufuturu ikiwa jaribio hilo laweza kusogezwa kwa nusu saa. Haya hayaombi fedha. Yanaomba mtu anayepanga ratiba afikirie kwamba wanaoisoma ni watu.

Baada ya kuyasema hayo kwa wakuu wa vyuo, haki yatutaka tuseme pia na wenye imani. Uhuru wa dini si uhuru wa kuwanyima wengine usingizi. Wakazi wa mitaa inayozunguka vyuo wanazijua kesha za usiku kucha zenye vipaza sauti, huku mwanafunzi wa chumba cha pili ana mtihani asubuhi na mtoto wa jirani ana homa. Kanuni za serikali za mwaka 2003 za kudhibiti kelele zipo, na mahali pa ibada hapakusamehewa. Mwenyezi Mungu asikiaye dua ya moyoni hahitaji kipaza sauti saa nane za usiku. Vivyo hivyo, mwanafunzi mpya aliyefika juzi kutoka kijijini, ambaye hana ndugu wala rafiki mjini, asizingirwe chumbani mwake na watu wa madhehebu haya na yale wakimtisha kwa moto wa jahanamu hadi ajiunge nao. Imani inayoingizwa kwa kumwonea mgeni haina tofauti kubwa na kanuni inayomlazimisha mtu kuvunja Sabato. Zote mbili humnyima mtu nafasi ya kuamua kwa dhamiri yake.

Wala dini isiwe kichaka cha wavivu. Yule anayekesha katika maombi juma zima, kisha akaingia mtihanini bila kufungua daftari, asiseme kwamba shetani amemfelisha. Wahenga walikwisha sema, jisaidie na Mungu atakusaidia. Mwanafunzi anayeomba chuo kiiheshimu siku moja ya ibada yake ana wajibu wa kuonyesha kwamba siku sita zilizobaki amezitumia vema. Akifanya hivyo, ombi lake litakuwa na nguvu kuliko barua ya wakili.

Twawaomba makasisi, wachungaji na maimamu walio katika vyuo vyetu wakutane na wapanga ratiba kabla ya kila muhula, na mezani pao wawe na kiti cha yule ambaye dhehebu lake halina kanisa wala msikiti ndani ya chuo. Makerere ina kanisa la Mtakatifu Fransisko la Waanglikana, na la Mtakatifu Augustino la Wakatoliki, na msikiti wake, na kwa vizazi vingi nyumba hizo zimekaa katika kilima kimoja pasipo kupigana. Wanafunzi wake wamejifunza humo jambo ambalo haliandikwi katika cheti, nalo ni kuishi na mtu anayesali tofauti. Somo hilo Uganda inalihitaji kama inavyohitaji wahandisi na waalimu.

Nasi twarudi kwa binti wetu wa Ntinda. Siku ya Jumamosi ile, jua litatua juu ya kilima cha Kyambogo kama kawaida yake, na kwa sheria ya dini yake atakuwa huru kushika kalamu. Anachohitaji ni chumba kimoja chenye taa, msimamizi mmoja, na karatasi ile ile waliyoifanya wenziwe. Akishindwa mtihani, ashindwe kwa sababu hakujua majibu. Ikiwa anayajua, basi chuo cha umma kisimnyime nafasi ya kuyaandika.